Shajara ya mradi: kumchoresha Fumo Liyongo kwa picha za rejea

Mradi ni kitabu cha picha cha kurasa 32, kwa watoto wa darasa la nne hadi la sita. Awamu hii inahusu wahusika wawili tu: Liyongo mwenyewe, shujaa wa ngano za pwani ya Lamu, na Saada, kijakazi aliyempelekea mkate wa wishwa (makapi ya nafaka) gerezani, tupa ikiwa imefichwa ndani. Maneno naandika mimi, niko Mombasa. Mchoraji yuko Kisumu. Kazi yake anaijua sana, ila Lamu hajafika, wala Ozi, wala Kipini panaposemwa kuwa kaburi la Liyongo lipo. Lolote atakalolijua kuhusu pwani ile litapita kwenye picha nitakazomtumia.

Naiweka shajara hii wazi kwa ajili ya mwalimu au mchapishaji mdogo anayetaka mhusika wa ngano za kwao achorwe, aone pesa zinakwenda wapi na kazi inakwama wapi.

12 Januari 2025. Makubaliano na folda ya kwanza

Kabla ya yote nililipia jaribio: mchoro mmoja wa penseli wa mvuvi akivuta nyavu, KSh 2,000. Nilitaka kuona anavyouweka uzito wa mwili miguuni. Aliniridhisha.

Bei: Liyongo KSh 14,000, Saada KSh 9,000. Kila mhusika achorwe mbele, ubavuni na nyuma, nyuso nne za hisia tofauti, na mkao mmoja wa tendo. Liyongo ana karatasi ya ziada ya vifaa: upinde, podo, mishale, tupa, mkate, siwa (pembe kubwa ya kupulizwa). Masahihisho mara mbili kwenye penseli, mara moja kwenye rangi. Nusu ya malipo imetangulia kwa M-Pesa, KSh 11,500.

Jambo la haki tuliliandika mapema. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa inahamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Sisi tumekubaliana vingine. Kitabu, mabango ya darasani na matoleo ya baadaye ni vyangu. Yeye anabaki na haki ya kuionyesha kazi kwa wateja wake, na jina lake litakaa kwenye jalada. Wachoraji wengi wachanga hawajui kwamba ukimya kwenye mkataba unawanyang'anya kazi yao, na si haki mwagizaji afaidi ukimya huo.

Baada ya hapo nikatuma folda ya picha kwa WhatsApp: wanaume wa Lamu siku ya Maulidi, milango ya Mji Mkongwe wa Unguja, majahazi, kofia za vito, kanga, siwa, na picha kadhaa za kale nyeusi na nyeupe. Juu yake niliandika: shujaa, mrefu kuliko watu wote, mshairi, mpiga upinde hodari.

26 Januari 2025. Mchoro wa kwanza umerudi, haufai

Mchoro ni mzuri ajabu, na karibu kila kitu ndani yake si cha Liyongo. Amevaa joho la darizi. Kiunoni ana jambia. Nyuma yake umesimama mlango wenye njumu za shaba. Mkononi ana upinde mfupi wenye ncha zilizopindwa nje, kama wa wapanda farasi wa Asia.

Nilipompigia simu, jibu lake lilinifungua macho: "Mwalimu, umenitumia picha ya mtu kavaa joho, ana jambia, amesimama mlangoni. Ningejuaje kwamba unataka kilemba peke yake?"

Ni kweli kabisa. Picha ile niliiweka kwa sababu ya jinsi kilemba kilivyofungwa, basi. Lakini picha haisemi jambo moja. Inasema nguo, silaha, jengo, saa ya siku, umri na cheo, vyote kwa pamoja, na mchoraji mwaminifu anavichukua vyote. Kadiri anavyokuheshimu ndivyo atakavyonakili hata usichokitaka.

Tatizo la pili ni la wakati. Zama za Liyongo wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa. Sisi tumeamua kitabu chetu kiwe kabla ya Wareno, yaani kabla ya 1498. Sasa itazame folda yangu: milango ile ya Unguja ni ya karne ya 19. Kanga ilianza mwishoni mwa karne hiyohiyo. Joho na jambia vinamweleza Mwarabu wa Omani, na utawala wa Omani uliifikia pwani hii baadaye sana. Picha ya kale kuliko zote tuliyo nayo imepigwa kwa kamera, na kamera yenyewe ni kitu cha juzi. Macho yamezoea kuiona pwani ya babu zetu wa karibu na kuiita ya kale, na mtoto wa Lamu atakayekisoma kitabu hiki anastahili zaidi ya hapo.

Sahihisho moja la penseli limeshatumika. Tumesimamisha kazi.

9 Februari 2025. Folda inajengwa upya

Kanuni mpya: hakuna picha inayoingia bila mistari mitatu chini yake. Chukua nini. Acha nini. Kitu hiki ni cha wapi na cha lini.

Mfano, ile picha ya Maulidi sasa inasomeka hivi: "Chukua: mzunguko wa kilemba, hasa ncha inayoangukia bega la kushoto. Acha: nguo zote, jambia, mlango, miwani. Lamu, ya miaka hii." Na nimeikata, kimebaki kichwa na mabega. Kukata kumesaidia kuliko maneno. Kisichokuwepo hakinakiliwi.

Picha nyingi za folda ya kwanza zimetolewa. Kilichobaki ni kidogo na kila moja ina kazi yake. Mchoraji ameniambia kwamba folda kubwa humchosha kabla hajashika kalamu, kwa kuwa lazima akisie ipi ni amri na ipi ni pambo.

Pale ambapo picha haipo, tumetumia maneno. Wasafiri waliofika pwani hii wameandika walichokiona, na maandishi yao ni rejea nzuri kuliko picha ya wakati usio wake. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi Aprili 1498, mwandishi wake alieleza mfalme aliyekuja chini ya mwavuli wa rangi nyekundu, akiwa na vazi lililotiwa kitambaa cha atlasi ya kijani na kilemba cha thamani. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika karibu 1518, anasema watu wa Sofala walijifunga nguo za pamba na hariri kuanzia kiunoni, wakatupia nyingine mabegani, na vichwani wakapiga vilemba. Sofala ni mbali na Ozi, lakini biashara ilikuwa moja na nguo zilisafiri kwa vyombo vilevile. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, anataja kwamba watu walitembea miguu mitupu na waliiosha mlangoni kabla ya kuingia msikitini. Kwa hiyo Liyongo wetu havai viatu. Ana nguo ya kiunoni inayofika chini ya magoti, nguo ya pili begani, kilemba. Sentensi za wasafiri nimemwandikia mchoraji kwa Kiswahili chepesi, nikazipa nafasi yake kwenye folda kama picha nyingine.

16 Februari 2025. Safari ya Gedi

Nyumba za mawe za Lamu zinazopigwa picha sana, zenye zidaka kuta nzima, nyingi ni za karne ya 18. Gedi, mji wa kale uliobaki magofu, inatufaa zaidi. Mji ule ulianza karibu karne ya 12, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na una kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hapo nina uhakika kwamba ninachokipiga picha ni cha zama zetu.

Nauli, kiingilio na chakula: KSh 2,600. Nimepiga matao yenye ncha juu, kuta za matumbawe kwa karibu, na visima. Visima ndivyo nilivyovifuata hasa, kwa sababu mwisho wa ngano ni kisimani: Liyongo amepiga goti, upinde ameuvuta, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, hawajui kwamba ameshakufa.

Kila kitu nimekipiga mara mbili, mara ya kwanza peke yake, mara ya pili mtu akiwa amesimama kando. Ukubwa wa tao haujulikani mpaka mtu asimame chini yake, na kwa mhusika anayesifiwa kwa urefu hilo ndilo jambo la kwanza. Tumeamua Liyongo awazidi watu wengine kichwa na mabega, si zaidi. Ukimfanya jitu la kufikia paa, jela ile na ule mlinzi havina maana tena.

2 Machi 2025. Vifaa: upinde, mkoma, siwa

Hapa ndipo kazi ilikwama kwa muda mrefu kuliko popote.

Upinde kwanza. Mchoraji alipotafuta mtandaoni, zilimjia pinde za filamu na michezo ya kompyuta. Rejea ya kweli iko karibu. Ngano yenyewe inasema Liyongo alikaa porini na Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa bara ya Lamu na Tana, na majirani zao wa kusini, Waata, wanajulikana kwa pinde nzito za kuangushia ndovu. Ni upinde mrefu wa mti mmoja, ukiusimamisha unakaribia urefu wa mtu, hauna ncha zilizopindwa nje. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo pinde hizi zimebaki ukutani kwa wazee. Mzee mmoja wa upande wa Malindi alikubali nipige picha upinde wa baba yake: mzima, kisha ncha, kisha mahali pa kushikia, kisha fundo la ugwe. Picha ya ncha ndiyo iliyomaliza ubishi. Mchoraji alikuwa anauchora ugwe kama uzi uliogundishwa kwenye mti, hajawahi kuona unavyozungushwa na kukazwa.

Mkoma ulifuata. Kuna kisa cha kikoa, pale maadui walipomwalika Liyongo washiriki chakula, kila mtu kwa zamu apande mkoma aangue makoma, wapate kumpiga mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Aliyaangua kwa mishale kutoka chini. Mchoro ulirudi na mnazi. Mtu wa Kisumu ukimwambia mti wa pwani jamii ya mitende, anaona mnazi, na hakuna wa kumlaumu. Mkoma wa huku shina lake hugawanyika, likawa mawili, kisha manne, na majani yake hufunguka kama kipepeo cha kujipepea. Nimepiga mmoja kando ya barabara ya Malindi, mzima na kwa vipande. Maelezo yake: "Chukua: mgawanyiko wa shina. Acha: nguzo ya umeme."

Siwa ilihitaji mtu mzima wa kuisema. Picha yangu ilikuwa ya ile siwa ya pembe ya Pate, kisiwa jirani na Lamu, iliyohifadhiwa Makumbusho ya Lamu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Picha inaonyesha umbo vizuri, lakini haionyeshi inavyopulizwa. Mchoraji akaweka mdomo wa mpigaji kwenye ncha, kama tarumbeta. Nilimwonyesha jirani yangu, mzee wa Lamu, akaitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu anapiga bendi ya shule. Siwa hupigwa ubavuni." Na wageni wa 1498 waliliona hilohilo Malindi: waliandika habari za pembe mbili za ndovu zilizochongwa, za kimo cha mtu, zikipulizwa kwenye tundu la ubavuni. Picha ya kitu kilicholala kabatini haifundishi matumizi yake. Tangu siku hiyo kila kifaa kina rejea mbili: kilivyo, na kinavyoshikwa. Kwa siwa nilitumia fimbo ndefu na kijana wa mtaani aliyeishika, mzee mwenyewe akimwelekeza mikono.

Haya yote yalivuka masahihisho tuliyokubaliana. Nimelipa KSh 3,500 za ziada, na ni haki yake. Kosa la kifaa lililotokana na rejea pungufu ni gharama ya mwagizaji.

9 Machi 2025. Jaribio la akili bandia, limeachwa

Kwa kuwa tulikosa picha ya mtu aliyevaa kama alivyoeleza Barbosa, nilijaribu programu ya kutengeneza picha kwa akili bandia, nikiwa na nia ya kuzitumia kama rejea tu. Zilitoka picha za kupendeza: jangwa, kuba za dhahabu, ngamia, siwa yenye vitufe, na nguo isiyojulikana inaanzia wapi wala imefungwa vipi.

Mchoraji alizikataa, na nakubaliana naye. Rejea ni ushahidi. Akichora mkunjo wa nguo kutoka kwenye picha halisi, anajua mkunjo ule uliwahi kuwepo, uzito wa kitambaa ndio ulioufanya. Picha ya kubuni haina kitambaa. Kila sehemu ingebidi ihakikiwe kwa picha nyingine ya kweli, na ukishaipata hiyo ya kweli, ile ya kubuni ya nini?

 Badala yake nilitumia shuka la nyumbani. Nililifunga kiunoni kwa mtu, la pili begani, nikapiga picha akitembea, akiinama, akikaa. Haikugharimu kitu, na mchoraji anasema ndizo picha zilizomfaa kuliko zote kwenye folda.

16 Machi 2025. Mikao

Aliyekaa kwa ajili ya Liyongo ni mchukuzi wa mizigo wa mjini, mrefu, mabega mapana. Nilimlipa KSh 1,500 na nikamweleza wazi: mwili na mkao vitatumika, uso hapana. Tuliandikiana. Sura ya Liyongo inatoka kwenye nyuso kadhaa, asiwepo mtu atakayeulizwa sokoni kama ndiye yeye.

Mambo matatu yaliharibika siku ile, nayaandika kwa kirefu kwa sababu yatampata kila anayetumia simu.

La kwanza, mvuto. Alishika mwanzi na kamba ya kawaida, akajifanya anavuta. Picha zilionekana sawa, lakini michoro ilirudi na mikono legevu, shujaa kama anaanika nguo. Mwili usiobeba uzito hauwezi kuigiza uzito. Tulirudia kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye mti mgumu. Alipouvuta kweli, mabega yalishuka, mifupa ya mabega ikakutana mgongoni, shingo ikakaza, mguu wa nyuma ukajikita mchangani. Mchoro uliofuata ulinisimamisha. Huyo ndiye mtu ambaye watu wa Pate walimwogopa.

La pili, umbali. Nilisimama karibu mno. Simu ikiwa karibu, mkono uliotangulia unakuwa mkubwa kama kichwa na miguu inapungua. Mchoraji mzoefu atarekebisha, lakini anarekebisha kwa kukisia. Rudi nyuma hatua nyingi, vuta picha kwa zumu, weka simu usawa wa kifua chake.

La tatu, jua la saa sita. Lilimpiga utosini, macho yakawa mashimo, na ngozi nyeusi ikang'aa nyeupe kwenye paji la uso na kupotea kabisa chini ya kidevu. Mchoraji alipochukua rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha, alipata kijivu. Tulirudia alasiri, kivulini, karatasi nyeupe ikiwa ndani ya picha ili ajue weupe wa kweli ni upi. Kutoka hapo alitengeneza vibao vitatu: ngozi kwenye mwanga, ngozi kivulini, na wekundu unaojitokeza masikioni na vidoleni. Vibao hivyo vimebandikwa kwenye karatasi ya mhusika, havikisiwi tena ukurasa kwa ukurasa.

Na neno kuhusu kutuma. WhatsApp hubana picha ukizituma kama picha, na yale mafundo ya ugwe niliyohangaikia yalifika kama ukungu. Zitume kama hati, au ziweke kwenye Google Drive. Folda yote imehamishwa huko, na majina ya faili yanaanza na kifaa chenyewe: upinde_ncha, upinde_mshiko, kisima_na_mtu.

6 Aprili 2025. Saada

Saada ni wa KSh 9,000, lakini nimemfikiria kuliko Liyongo. Bila yeye hakuna tupa, hakuna kutoroka, hakuna ngano. Alipita mbele ya walinzi na mikate, wao wakala mizuri, wakadharau ule wa wishwa wakampa mfungwa. Ni msichana aliyekuwa mtumwa, mwenye kumbukumbu ya kubeba maneno ya ushairi wa Liyongo neno kwa neno na ujasiri wa kutotetemeka.

Rejea ya kwanza ya mchoraji, aliyoipata mwenyewe, ilikuwa msichana anayecheka amevaa kanga mpya na bangili mikono yote miwili. Kanga tumeshaieleza. Bangili zimeondoka kwa sababu ya hali yake. Tabasamu limeondoka pia, na hilo lilihitaji mazungumzo marefu, maana mchoraji alitaka watoto wampende. Nilimwambia, "Dada, watoto watampenda kwa alichokifanya."

Nyuso zake nne zilikuwa kazi ngumu kwelikweli. Nilikuwa nimeandika: furaha, huzuni, hofu, mshangao. Hizo ni nyuso za kila mhusika duniani, na zilirudi hivyo. Tukabadilisha ziwe nyakati: anasikiliza shairi asiloelewa maana yake na analihifadhi, mlinzi anaukata mkate mzuri mbele yake, mkate wa wishwa unaguswa, amerudi nyumbani na mlango umefungwa. Mpwa wangu, kwa idhini ya mama yake na mama akiwepo, aliigiza nyakati hizo. Alipofika kwenye mkate unaoguswa, macho hayakubadilika hata kidogo, ila mkono uliikamata nguo. Sikumwelekeza. Uso ule umeingia ulivyo, kwa maana ya hisia, sura yenyewe imebadilishwa na picha zake zimefutwa kwenye Drive baada ya mchoro kukubaliwa. Picha za mtoto hazikai kwenye folda ya mradi bila sababu.

27 Aprili 2025. Rangi na karatasi

Rangi zimefika. Kwenye simu yangu Liyongo ana rangi ya mdalasini, kwenye kompyuta ya mchapaji ana rangi ya kahawa. Tukaacha kubishana kuhusu vioo, tukachapa.

Chapa za majaribio: KSh 900, kwenye karatasi ileile ya kitabu. Ni karatasi isiyo na mng'ao, na karatasi hiyo hunywa wino. Vivuli vyote vilizama. Uso wa Liyongo ukurasa wa jela ulikuwa doa jeusi lenye macho mawili, jambo ambalo sitakubali kumpa mtoto mweusi alione kwenye kitabu cha shujaa wake. Suluhisho halikuwa kumweupisha. Mchoraji alipunguza wino mweusi kwenye vivuli vya ngozi, akajenga giza kwa kahawia na nyekundu, kisha akaongeza mwanga wa taa ya mafuta upande mmoja. Rejea ya mwanga huo ilikuwa picha ya mkono wangu karibu na kibatari. Chapa ya pili ilionyesha pua, midomo, mshipa wa shingo, na ngozi bado ni nyeusi.

Agiza chapa kabla ya kukubali rangi. Sahihisho la rangi lilikuwa moja tu kwenye makubaliano, na tungelitumia kwenye kioo tungebaki mikono mitupu kwenye karatasi.

11 Mei 2025. Makabidhiano

Nimepokea faili zenye matabaka, dpi 300 kwa ukubwa wa kuchapia, pamoja na nakala za rangi za mchapaji. Nusu ya pili, KSh 11,500, imelipwa siku hiyohiyo.

Jumla ya awamu hii: jaribio 2,000, wahusika wawili 23,000, Gedi 2,600, mchukuzi 1,500, masahihisho ya ziada 3,500, chapa 900. KSh 33,500. Folda ingekuwa na maelezo tangu Januari, zile 3,500 zingebaki, na labda mwezi mzima.

Jambo moja limeongezwa kwenye mkataba wa awamu ijayo: orodha ya rejea zote, na haki ya kila moja. Kwa sheria ya Kenya picha ya kamera hulindwa miaka 50, na mchoro unaoifuata picha ya mtu mmoja mstari kwa mstari ni nakala ya kazi yake hata kama kalamu ni ya mwingine. Zilizopigwa nami ni nyingi, kwa hiyo hatuna hofu kubwa. Zile chache za watu wengine zimetumika kwa kitu kimoja kimoja tu, fundo, mkunjo, umbo, na hakuna ukurasa uliojengwa juu ya picha moja.

Awamu ijayo ni Sultani wa Pate, adui wa Liyongo. Yeye tunaanza na maneno ya Malindi 1498, mwavuli mwekundu na atlasi ya kijani, na picha moja tu ya siwa, yenye maelezo haya: "Chukua: michoro iliyochongwa na tundu la ubavuni. Acha: kabati la kioo. Pate."